UZI: Mgao wa chakula kwenye karatasi na mgao unaofika sufuriani – unapungulia wapi, na nini kifanyike

#1 – MpimaMgao

Wakuu, salaam. Naomba tuujadili msaada wa chakula kwa hesabu, tuweke kando kauli za jumla. Mpango ukiandikwa ofisini unakuwa umetosha kabisa. Ukienda kuangalia sufuria wiki ya tatu ya mwezi, hautoshi. Mara nyingi hakuna aliyeiba hata punje. Chakula kinapungua njiani kidogo kidogo, na kila hatua hasara yake inaonekana ndogo mno kuandikiwa ripoti.

Tuanze na msingi. Kiwango cha kupangia ambacho mwongozo wa Sphere (viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu) na mashirika ya Umoja wa Mataifa wanakitumia ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, protini itoe asilimia 10 hadi 12 ya nguvu hiyo na mafuta yasipungue asilimia 17. Huo ni wastani wa jamii nzima yenye watoto, wazee na watu wazima wenye kazi nyepesi. Watu wakiwa wanafanya kazi nzito unapandishwa. Baridi nayo inahesabiwa: kila nyuzi 5 chini ya nyuzi 20 za Selsiasi huongezwa kama kilokalori 100.

Kapu la kawaida la mtu mmoja kwa siku huwa hivi: nafaka gramu 400, jamii ya kunde gramu 60, mafuta ya kula gramu 25, unga wa lishe wa mahindi na soya gramu 50, sukari gramu 15, chumvi yenye madini joto gramu 5. Jumla yake inazidi 2,100 kidogo. Kwa siku 30 ni nafaka kilo 12, kunde kilo 1.8, mafuta gramu 750, unga wa lishe kilo 1.5, sukari gramu 450 na chumvi gramu 150.

Sasa tundu la kwanza, mashine ya kusaga. Ukigawa mahindi mazima, mtu hawezi kuyapika hivyo. Mwenye mashine asipolipwa fedha atachukua nafaka. Tuseme anachukua sehemu moja ya kumi: kilo 12 zimebaki 10.8. Wakikoboa kwanza, pumba inaondoka na kama asilimia 15 nyingine, zinabaki kilo 9.2 hivi. Hizo ni gramu 306 kwa siku badala ya 400. Karibu kilokalori 340 zimeondoka kabla moto haujawashwa, na fomu ya ugawaji bado inasema "amepokea kilo 12".

Dawa zake zinajulikana: gawa unga uliosagwa na kuongezwa virutubishi, au lipia kusaga, au ongeza nafaka ya kufidia. Kila moja ina kasoro. Unga wa nafaka nzima hukaa wiki 6 hadi 8 tu kabla ya kuchacha, kwa sababu kiini chenye mafuta kimesagwa humo humo. Nafaka nzima inakaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo aliye mbali na barabara, anayepata mzigo mara chache, nafaka nzima pamoja na malipo ya kusaga inamfaa zaidi.

Karibuni. Wa ghalani, wa jikoni, wa lishe, wa fedha, kila mtu aseme anapoona pengo.

#2 – Mtunza_Ghala

Mleta uzi umeanzia mashineni, mimi narudi nyuma hatua moja, kwenye kibaba cha kupimia.

Ugawaji mwingi haufanywi kwa mizani. Foleni ni ndefu, hivyo wanatumia kopo au ndoo. Hakuna ubaya, ila kopo lipimwe upya kila shehena mpya inapofunguliwa, maana mahindi makavu madogo hayana uzito sawa na mahindi makubwa yenye unyevu, na unga uliomwagwa sasa hivi ni mwepesi kuliko uliotikiswa safari nzima. Utaratibu: jaza kopo, lisawazishe kwa ubao ulionyooka, pima kwenye mizani, andika. Rudia mara kumi, chukua wastani. Kisha kata kopo au lichore mstari penye uzito unaotakiwa. Kupima kwa "kichuguu" juu ya kopo kupigwe marufuku, kwa sababu kichuguu cha asubuhi na cha saa tisa mchana, mkono ukishachoka, havifanani.

Kopo likipungua asilimia 5 tu, kwenye kilo 12 ni gramu 600. Hiyo ni nafaka ya siku moja na nusu.

Mafuta ndiyo yanayokosewa zaidi. Mgao umeandikwa kwa gramu, chombo kimechorwa mililita. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa kama kilo 0.92. Gramu 750 ni mililita 815. Anayetoa mililita 750 anadhani katimiza, kumbe katoa gramu 690. Familia ya watu watano inapoteza gramu 300 kwa mwezi, na kila anayehusika ameweka saini kwa nia njema.

Njia ya kulibaini hili ni mizani mlangoni, upande wa kutokea. Chagua kaya kwa mpangilio, mfano kila ya ishirini, upime vyote walivyobeba kabla hawajagawana na mwenzao wala kumlipa mbeba mzigo, ulinganishe na kadi yao. Ukiona upungufu unajirudia kwa kitu kilekile, simamisha mstari huo, pima kopo upya, kisha endelea. Wengine wanasubiri hadi jioni waandike ripoti. Ripoti ya jioni haimrudishii chochote aliyekwisha kuondoka.

Kuhusu ghala kwa ufupi: magunia juu ya chaga, yasiguse ukuta (acha kama mita moja ya kupita na kukagua), cha kwanza kuingia kiwe cha kwanza kutoka, na dawa za wadudu, mafuta ya taa na saruji zisilale chumba kimoja na chakula. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 au 14 usiyapokee kwa kuhifadhi, yatapata ukungu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika.

#3 – JikoniKwanza

Asante Mtunza_Ghala. Naomba tuingie jikoni, maana mipango mingi inaishia kwenye gunia kana kwamba maharage hujipika.

Maharage makavu yanataka vitu vitatu ambavyo havimo kwenye kapu: maji, kuni na muda. Yakikaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu hugoma kuiva. Ganda na kiini hubadilika hadi maji hayapenyi vizuri. Maharage ya namna hiyo unaweza kuyachemsha saa tatu na bado yakawa na mawe katikati. Mama mwenye kuni za kupika mara moja anafanya nini? Anayauza au anayapika nusu. Yaliyopikwa nusu si suala la tumbo kujaa gesi tu. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo huvunjwa kwa kuchemka kwa nguvu dakika zisizopungua 10. Moto mdogo wa kufukiza hauitoshi, na unaweza kuyaacha na madhara zaidi kuliko yalivyokuwa.

Kwa hiyo: loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji yale, weka mapya, chemsha kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kisha punguza moto na funika. Chumvi inaweza kusubiri mwisho. Kulowekwa peke yake kunapunguza sana muda wa moto. Lakini kuloweka nako kunataka chombo cha ziada chenye mfuniko na maji ya kumwaga, na penye uhaba wa maji ushauri wa "mwaga maji" unasikika vibaya. Hayo maji yatumike kwa bustani.

Mahali ambapo kuni ni shida kubwa, mpangaji anunue dengu ndogo (adesi) zilizopasuliwa badala ya maharage mazima. Zinaiva chini ya nusu saa na hazihitaji kulowekwa. Huenda bei ya kilo ikawa juu, lakini ujumlishe gharama ya kuni na usalama wa wanawake na wasichana wanaozifuata porini. Hesabu inageuka.

Na mafuta yaliyoongezwa vitamini A yasianikwe juani kwenye chupa nyeupe. Mwanga unaiharibu vitamini hiyo. Kivulini, kifuniko kimefungwa.

#4 – Kijana_wa_Takwimu

Wakuu swali. Mnazungumzia kuuza. Je, kaya inayouza sehemu ya mgao si ishara kwamba imepewa zaidi ya mahitaji? Kuna wanaopendekeza waondolewe kwenye orodha.

#5 – MpimaMgao

Mdogo wangu, hilo limewaumiza watu wengi, acha tulinyooshe.

Kaya inauza kwa sababu kapu lina vitu sita na maisha yana zaidi ya sita. Hakuna sabuni, hakuna kuni, hakuna nauli ya zahanati, hakuna kitunguu. Mtu asiye na kipato kingine, sarafu yake ni mgao. Tena anauza siku ya ugawaji, siku ambayo kila mtu anauza, bei iko chini kabisa. Mwisho wa mwezi ananunua chakula kilekile kwa bei ya juu. Huyo amepata pungufu.

Ukitaka kujua kama mgao umezidi, usiulize "umeuza?" Uliza ameuza nini, kiasi gani, na fedha ilikwenda wapi. Wengi wakiuza kitu kilekile, tatizo liko kwenye kitu: hakipikiki, hakizoeleki, au hakisagiki. Wakiuza vitu tofauti ili kulipa kusaga na kuni, tatizo ni kapu halina gharama za kupika. Majibu hayo mawili yana tiba mbili tofauti, na hakuna hata moja inayohusu kumfuta mtu.

#6 – Lishe_Mezani

Nimefurahi mmeanza na kilokalori, lakini naomba msiishie hapo. Watu wanaweza kupata 2,100 kamili na bado wakaugua kwa njaa isiyoonekana.

Mfano ulioandikwa vizuri ni wa Malawi mwaka 1990, kwa wakimbizi wa Msumbiji. Kapu lilitegemea mahindi, na karanga ndizo zilizokuwa zikiwapa vitamini ya niasini. Ugavi wa karanga ulipokatika kwa miezi, ukazuka ugonjwa wa pelagra, zaidi ya wagonjwa 18,000. Mahindi yana niasini, ila imefungwa kwa namna ambayo mwili hauipati kirahisi. Dalili ni vidonda na weusi kwenye ngozi inayopigwa na jua (shingo, mikono, miguu), kuharisha, na akili kuchanganyikiwa. Funzo kwa mpangaji ni la moja kwa moja: kabla ya kutoa kitu kwenye kapu, uliza kilikuwa kinaleta kirutubishi gani peke yake.

Kiseyeye nacho. Nafaka kavu, kunde kavu, mafuta, chumvi: vitamini C humo karibu hakuna. Mtu akikaa miezi miwili mitatu bila mboga wala tunda, fizi zinaanza kutoka damu na viungo kuuma. Vocha ya mboga hata ndogo inasaidia kuliko kuongeza kilo ya nafaka. Penye maji kidogo, kunde nzima zisizokobolewa zinaweza kuchipushwa: loweka usiku mmoja, chuja, funika kwa kitambaa kibichi, suuza mara mbili kwa siku, siku ya pili au ya tatu chipukizi zimetoka na vitamini C imo. Pika kwa muda mfupi tu kisha ule hapo hapo. Maharage mekundu usiyafanyie hivyo, kwa sababu aliyoisema JikoniKwanza.

Watoto wa miezi 6 hadi 23 ndio wanaopotea kabisa kwenye wastani. Tumbo lao ni dogo. Uji mwepesi unalijaza kabla nguvu haijatosha. Kwa unga wa lishe, uzito wa sehemu moja ya unga kwa sehemu tano za maji: koroga unga kwenye maji baridi kwanza usifanye madonge, kisha pasha huku ukikoroga, uchemke taratibu dakika 5 hadi 10. Uji ushike kijiko kidogo. Ukimiminika kama maji, mtoto anashiba maji. Unga wenye maziwa uliotengenezwa kwa watoto ugawiwe kwa kadi yake na maelezo yake, maana ukiunganishwa na gunia la familia utapikiwa familia nzima, na hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa kulisha watoto wake wote.

Na pimeni mikono. Mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ukiwa chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, apelekwe kwenye matibabu siku hiyo hiyo. Kati ya 115 na chini ya 125 ni wa kadiri. Utepe huo mzazi anaweza kufundishwa kuutumia nyumbani.

#7 – SautiYaSoko

Mengi mliyoyasema (kusaga, maharage yasiyoiva, kuuza kwa hasara) fedha taslimu inayaondoa, ikiwa soko lipo na lina bidhaa. Ila fedha ina matundu yake, na yanauma vilevile.

La kwanza ni kukadiria kiasi kwa bei ya jumla. Maskini hanunui gunia, ananunua kipimo kidogo, na kwa kilo analipa zaidi. Chukua bei pale wanaponunua wao, kwa kipimo wanachonunulia, kila wiki, wauzaji watatu au zaidi kwa kila bidhaa. La pili, bei ikipanda na kiasi kikabaki, msaada umepunguzwa kimyakimya. Ikipanda robo, fedha ileile inanunua asilimia 80 ya kapu. Mkataba uwe na kiwango cha kupanda kwa bei ambacho kikifikiwa kiasi kinarekebishwa, bila kusubiri mwaka wa bajeti uishe. La tatu, ada ya kutoa fedha na nauli ya kwenda kwa wakala ziongezwe juu ya kiasi, zisikatwe ndani yake.

Vocha za maduka maalumu nazo ziangaliwe kwa karibu. Maduka yakiwa machache, wenye maduka wanapatana bei. Bandika bei ukutani, ruhusu maduka zaidi, na tuma mnunuzi wa siri alinganishe na soko la wazi.

Na alama za vidole: wazee na wafanyakazi wa mikono vidole vimelika, mashine haiwasomi. Tangu siku ya usajili chukua vidole vyote kumi, na kila kaya iwe na mtu mbadala aliyesajiliwa. Mtu kurudishwa nyumbani bila chakula kwa sababu ya kidole ni kosa la mfumo, lazima kuwe na meza ya kulitatua siku hiyo hiyo.

#8 – Orodha_Wazi

Niongeze kuhusu orodha, kwa ufupi. Vigezo vielezwe hadharani kabla ya majina, majina yasomwe hadharani, kisha siku kadhaa za rufaa na kamati ya rufaa isiyo ile iliyochagua. Kwenye kila kituo bango kubwa: kila mtu anapata nini, kilo ngapi, na kwamba msaada ni bure, hakuna kulipa wala kutoa chochote kwa yeyote. Awepo mwanamke wa kupokea malalamiko, faragha.

Kaya za mtu mmoja au wawili zinasahaulika. Moto wa kupikia mtu mmoja unakaribia ule wa kupikia watatu, kwa hiyo gharama yao kwa kichwa iko juu. Tena kopo likikosewa, kaya kubwa ina pa kusawazishia, bibi anayeishi peke yake hana. Na mnapogawa gunia la kilo 50 kwa kikundi, mtu anayestahili kilo 12 mara nyingi ndiye wa mwisho kuchotewa.

#9 – Kijana_wa_Takwimu

Nashukuru kwa darasa, kaka. Basi baada ya wiki mbili tatu za ugawaji, tunapimaje kama chakula kimefika mezani?

#10 – MpimaMgao

Kwa alama ya ulaji wa chakula. Uliza siku ngapi kati ya 7 zilizopita kaya ilikula kila kundi (zisizidi 7), kisha zidisha: nafaka na mizizi mara 2, kunde mara 3, mboga mara 1, matunda mara 1, nyama-samaki-mayai mara 4, maziwa mara 4, sukari mara nusu, mafuta mara nusu. Jumla ya 21 au chini yake ni hali mbaya, juu yake hadi 35 ni mashakani, zaidi ya 35 inakubalika. Penye sukari na mafuta karibu kila siku mipaka inakuwa 28 na 42.

Mfano: nafaka siku 7 (14), mboga siku 4 (4), sukari na mafuta siku 7 (3.5 na 3.5). Jumla 25. Kwa mipaka ya kwanza iko mashakani, kwa ya pili ni mbaya, na ya pili ndiyo sahihi hapa kwa sababu mgao wenyewe umeleta sukari na mafuta. Ongeza kunde siku 3, inafika 34.

Kosa la kawaida: kijiko cha maziwa kwenye chai au kipande cha samaki cha kutia harufu huandikwa kama kundi kamili lenye uzito wa 4. Hicho ni kiungo, uzito wake sifuri. Dodosa kiasi.

Pia andika tarehe. Mzunguko wa siku 30 ukichelewa hadi 40, kilo 12 zinakuwa gramu 300 kwa siku na kapu zima linashuka hadi kama kilokalori 1,580. Kwenye vitabu hakuna kilichokatwa.

#11 – JikoniKwanza

Na bajeti ikikatwa kweli? Maana wengi huanza kwa kuondoa mafuta na kunde kwa kuwa ndivyo ghali kwa kilo.

#12 – Lishe_Mezani

Dada, hapo napinga kwa nguvu zote. Ondoa mafuta na kunde: zinapotea kilokalori 420 hivi, protini gramu 13, na mafuta ya mlo mzima yanashuka kutoka gramu 45 hivi hadi chini ya 20. Punguza nafaka kutoka 400 hadi 300: zinapotea kilokalori 360, protini kama gramu 9, mafuta gramu 4 tu. Njaa ipo kote kuwili, lakini kapu la pili bado linaweza kumkuza mtoto.

Mpangilio wangu: unga wa lishe wa watoto na wajawazito usiguswe, chumvi isiguswe, mafuta na kunde zishikiliwe hadi mwisho, sukari ipunguzwe kwanza, ifuatiwe na nafaka. Tangazo litoke angalau mzunguko mmoja kabla, likitaja kilo mpya za kila bidhaa, na kopo za kupimia zichorwe mistari mipya kabla ya siku hiyo.

#13 – Mtunza_Ghala

Kopo za zamani zikusanywe zote ghalani na zifungiwe. Zikibaki mbili tatu kituoni, mstari mmoja utatoa mgao wa jana na mwingine wa leo, na fujo itaanzia hapo.